Rangi Haisomwi kwa Taa

Profesa Anselimu alikuwa ameshika koki ya bureti kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia alizungusha chupa taratibu juu ya sahani nyeupe ya bati. Ndani ya chupa kulikuwa na maji ya kisima cha Singe, yaliyotiwa chembe za dawa ya rangi na kuwa mekundu kama juisi ya rosela. Tone la dawa ya kupimia lilidondoka kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wa kioo, akazungusha. Tone jingine, akazungusha. Alikuwa anangoja wekundu uondoke na bluu iingie. Hapo ndipo mpimaji hufunga koki na kusoma ametumia dawa kiasi gani, na kiasi hicho ndicho kinachosema maji ni magumu namna gani.

Bluu haikuja.

"Hii dawa ya rangi imezeeka," alisema. "Umeitoa wapi, Kornelia?"

"Idarani, Prof. Kopo jipya, nimelifungua mwenyewe."

"Basi limekaa sana bandarini."

Kornelia alitabasamu. Alikuwa upande wa pili wa meza, na bureti yake. Profesa alimsimamia shahada ya uzamivu, akiwa mwanafunzi wake wa mwisho, na sasa alikuwa mhadhiri katika idara ileile alikostaafu mzee. Alikuwa amefika kwa basi jana yake akiwa na kompyuta, kopo la dawa, na koti zito ambalo watu wa Dar es Salaam hulibeba wakisikia wanakwenda Babati. Yeye alikuwa amekwisha maliza. Karatasi yake ilikuwa mezani, imelazwa kifudifudi.

Hiyo ilikuwa desturi ya Profesa tangu alipoanza kufundisha. Wapimaji ni wawili, kila mmoja na chupa yake, na kila mmoja huandika anachokisoma, hulaza karatasi kifudifudi na kunyamaza. Karatasi hugeuzwa wote wakishamaliza. Desturi yake ya pili ilihusu mwanga. Rangi haisomwi kwa taa, alikuwa akiwaambia wanafunzi, kwa sababu taa ina rangi yake yenyewe. Husomwa dirishani, jua likiwa upande mwingine wa nyumba, na mwanga ukipungua kazi hufungwa hata kama imebaki chupa moja.

Chumba walichokuwamo kilikuwa cha Allen, mtoto wa kwanza wa Profesa, ambaye siku hizi anaishi Arusha. Dirisha lake linatazama Mlima Kwaraa, kwa hiyo mchana ukigeuka hupata mwanga mtulivu. Mama Allen alikuwa amekiomba chumba hicho tangu mumewe alipostaafu na kurudi hapa Bagara, mjini Babati. Alitaka akiweke mahindi na wageni, kwa mpangilio huo.

Profesa aliongeza tone. Akainamia chupa. Wekundu ulikuwa umekufa, lakini kilichobaki, machoni pake, kilionekana kama maji ya majivu. Akaongeza matone mengine mawili, akaona hayabadilishi kitu, akafunga koki na kuandika.

Waligeuza karatasi. Yeye alikuwa juu na Kornelia chini, na tofauti yao haikuwa ndogo. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angesema rudia. Wakarudia, wakageuza, na ikawa hivyohivyo.

"Labda ni mkono wangu, Prof," alisema Kornelia. "Nimesafiri sana, na usiku sikulala vizuri."

"Baridi?"

"Majogoo."

"Hao ni wa jirani yetu, Mama Lukresia. Nao wana desturi zao. Osha chupa, turudie mara ya tatu."

Kornelia alikwenda nje kwenye ndoo. Profesa akabaki akiitazama sahani ya bati, ambayo ilikuwa ya mama yake. Ukingo wake ulikuwa umebanduka rangi sehemu mbili. Zamani huko Singe mama alikuwa akifulia kwa maji ya kisima kile, na sabuni ilikuwa ikikataa. Badala ya povu ulitoka utandu mweupe kama wa maziwa yaliyoharibika. Watu walisema kisima kina roho mbaya, na wengine walisema muuza sabuni ndiye mwizi. Anselimu alipofika kidato cha tatu, mwalimu alieleza kwamba maji yaliyopita katikati ya mawe huchukua vitu kutoka humo, na vitu hivyo ndivyo vinavyoizuia sabuni. Alirudi nyumbani akamwambia mama yake. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza, "Kiasi gani?"

Hakuwa na jibu, na alikwenda chuo kikuu akiwa bado analitafuta. Mtu akimuuliza kwa nini alichagua tawi la kemia ambalo kazi yake ni kupima tu, alikuwa akisema kwamba alilelewa na mtu aliyependa kujua kiasi.

Tangu alipokuwa mwanafunzi, kila mwaka kabla ya mvua za kwanza alikuja likizo akiwa amefunga vioo vyake ndani ya blanketi, akachota maji ya kisima kile na kuyapima. Alifanya hivyo akiwa mhadhiri msaidizi, akiwa mhadhiri, akiwa profesa. Miaka aliyokuwa masomoni Ulaya ilibaki wazi kwenye jedwali, hakuijaza kwa kukisia. Katika maisha yake ya kazi hakuandika makala nyingi. Miaka mingi dawa hazikufika, au zilifika mashine ikiwa imeharibika, na mashine iliyotolewa msaada na wageni ilipolala hakuna aliyejua kuiamsha. Aliwafundisha vijana kwa bureti, mizani, na subira. Wengi wao sasa wanapima maji, chai, dawa za hospitali na dhahabu nchi nzima, naye hilo lilimtosha. Jedwali la Singe tu ndilo alilotaka lichapishwe, na lichapishwe akiwa bado anaweza kulisoma.

Ndiyo maana Kornelia alikuja. Singe ya mashamba imejaa nyumba na vyoo, na watu wa mipango wangependa kujua kama maji ya chini yamebadilika. Jedwali la Profesa lilikuwa na jibu zuri. Miaka yote, ya karibuni ikiwamo, kisima kimesimama palepale. Walikuwa wanapima mara ya mwisho, wajaze mstari wa mwaka huu, waandike.

Kornelia alirudi, wakaanza mara ya tatu.

Safari hii Profesa alikwenda polepole zaidi. Aliposikia koki ya Kornelia imenyamaza, alijua amemaliza. Aliendelea na yake. Tone. Tone. Majivu tu. Halafu, kwa pembe ya jicho, akaona mkono wa Kornelia unapanda tena kwenye koki. Ukafungua kidogo. Ukafunga. Ukafungua.

Profesa aliacha kuzungusha.

Ishara hiyo aliijua kuliko alivyojua uso wa mtu. Ameiona kwenye meza za maabara maisha yake yote: mwanafunzi amekwisha pata, chupa yake imegeuka rangi vizuri, kisha anachungulia bureti ya jirani, anaona jirani yuko mbele, na mkono unarudi. Aliwahi kuwarudisha watu mwaka mzima kwa mkono huo. Na alimchagua Kornelia kati ya wengi kwa sababu mkono wake haukurudi hata siku moja, hata siku ambayo majibu yake yalikuwa kinyume cha darasa zima.

"Kornelia," alisema kwa upole. "Mkono umerudi."

Ilikuwa sentensi yake ya darasani. Wanafunzi walikuwa wakiigiza sauti yake wakiisema bwenini. Kornelia alishusha mkono kama aliyeungua.

"Samahani, Prof."

"Chupa yako ilikuwa tayari?"

"Ilikuwa tayari."

"Ukatazama yangu."

Nje, upande wa barabara, pikipiki ilipita na muziki wake ukafifia.

"Ungeandika nini?" aliuliza Profesa. "Ya kwako, au ya kwangu?"

"Prof, mimi ni nani nitofautiane nawe mbele ya kisima chako mwenyewe? Nilidhani nakosea. Halafu nikadhani... sijui nilidhani nini."

Hakuwa na hasira naye. Alijua heshima inavyoweza kumsukuma mtu mkono, na kwamba hapa aliyeheshimiwa ni yeye. Alikaa kwenye kiti, akaisogeza chupa yake hadi katikati ya sahani nyeupe.

"Niambie. Hii ina rangi gani?"

"Bluu."

"Bluu kidogo?"

"Bluu kabisa, Prof. Kama sare za shule."

"Tangu muda gani?"

"Tangu muda mrefu," alisema Kornelia, na sauti yake ikawa ndogo.

Profesa aliitazama chupa. Kwake ilikuwa majivu. Alifunga jicho la kulia akatazama kwa la kushoto, akabadilisha. Kisha akatazama dirishani, kule juu ya Kwaraa, ambako kwa kumbukumbu zake palipaswa kuwa na anga la rangi hiyohiyo. Lilikuwa na ukungu wa manjano, na alikuwa amekwisha lizoea. Alidhani ni vumbi la kiangazi.

"Sioni bluu," alisema. Baada ya kusema akajisikia mwepesi, na pia mzee. "Itakuwa mtoto wa jicho. Baba yangu alikuwa naye. Nilidhani dawa imezeeka, kumbe ni jicho."

"Anatolewa siku hizi, Prof. Si kazi kubwa."

"Jicho litatengenezwa. Jedwali je?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na wote wawili walilijua. Mtoto wa jicho haji kwa siku moja. Kama leo bluu imekwisha, basi mwaka jana ilikuwa inakwisha, na mwaka juzi ilikuwa imeanza kuondoka. Mstari gani kwenye jedwali uliandikwa na mtu anayeona, na upi na mtu anayekisia? Hakuna namna ya kurudi kuchota maji ya mwaka juzi. Mtu mwaminifu angekata miaka yote ya kustaafu, na labda mingine kabla yake. Na miaka hiyo ndiyo nyumba zilipojengwa Singe. Bila hiyo, jedwali lilikuwa historia ya shamba lisilokuwapo tena.

"Tuikate," alisema Profesa. "Yote, tangu niliporudi nyumbani."

"Subiri kwanza, Prof." Kornelia alifungua kompyuta. Alikuwa ameanza kusahau kuogopa, na Profesa alifurahi kuona hivyo. "Jicho lako linakupeleka mbele, si nyuma. Mara zote tatu leo umepita. Sivyo?"

"Ndivyo. Naisubiri rangi isiyokuja."

"Basi miaka hii ya karibuni ingepanda. Mwaka hadi mwaka, ingepanda kadiri jicho linavyoharibika. Haijapanda. Tazama. Mwaka jana umesimama palepale pa zamani. Leo ndiyo mara ya kwanza unapita."

Profesa alivaa miwani akatazama tarakimu, ambazo hazihitaji bluu. Ilikuwa kweli. Alijaribu kukumbuka mwaka jana alipima vipi. Meza hiihii, sahani hiihii, dirisha hilihili. Hakukuwa na kilichobadilika isipokuwa Kornelia kuwapo. Walikaa wakafikiri na hawakupata kitu. Mwanga mlimani ulianza kuwa wa jioni.

Mlango wa nje ulifunguliwa. Mama Allen alikuwa amerudi kutoka jumuiya, ambako wanawake wa Bagara walikuwa wamesali kwa mgonjwa na kisha kukaa kwa mazungumzo marefu kuliko sala. Waliisikia sauti yake jikoni, halafu akaingia na birika, vikombe na kanga yake ya Jumapili.

"Hamjaniharibia chumba?"

"Shikamoo Mama," alisema Kornelia akisimama.

"Marahaba, mwanangu. Keti. Mbona mnaonekana kama mmefeli wote wawili?"

"Nimefeli peke yangu, Mama Allen," alisema Profesa. "Huyu alitaka kufeli na mimi kwa adabu."

"Basi kunywa chai, ufeli ukiwa umeshiba."

Akamimina. Akachukua kikombe chake na kisahani chake, akaketi kwenye kiti cha pembeni ya dirisha, mahali alipoketi miaka yote. Ilikuwa imebaki chupa moja ya maji tayari mezani, nyekundu. Profesa hakutaka imwagwe bure. Alisema atamwonyesha Kornelia jicho lake linavyokosea, amwangalie vizuri, asiguse kitu. Akashika koki.

Alikwenda kwa haraka mwanzoni, kisha tone kwa tone. Wekundu. Wekundu uliochoka. Mama Allen alikuwa anaeleza habari za mgonjwa, na jinsi Mama Dorika alivyoimba peke yake ubeti ambao wengine wote walikuwa wamemaliza. Tone. Tone. Kikombe kikagusa kisahani, *ti*, na mkono wa Profesa ukafunga koki.

Aliutazama mkono wake. Hakuwa ameuamuru.

Kornelia alikuwa ameinamia chupa. Akasoma bureti. Akanyanyua uso taratibu.

"Prof," alisema, "hapo ndipo palepale."

Profesa aligeuka kumtazama mke wake, naye alikuwa anatazama mlimani kwa bidii kubwa.

"Consolata."

Hakuwa amemwita hivyo mbele za watu tangu waoane.

"Abee."

"Kikombe hicho."

"Kina nini? Cha sherehe ya kuagwa kwako. Mkono wake umepasuka."

"Unakitua lini?"

Mama Allen alianza kucheka. Alicheka kwanza kimya, mabega yakitikisika, halafu kwa sauti, akafuta macho kwa pindo la kanga. Ndipo Profesa alipoiona maabara ya zamani, meza ndefu zilizochomwa na asidi, na bwana Hatibu, fundi wa maabara, akitembea katikati yao na rula mkononi. Hatibu hakuruhusu neno lolote wakati wa kupima. Ukisema, unatoka. Na yeye, kijana wa kutoka Singe, alipangwa meza moja na msichana wa Dareda aliyekuwa na macho makali. Waligawana kazi: mkono wake, macho ya Consolata. Kwa kuwa hawakuruhusiwa kusema, rangi ilipogeuka Consolata alilaza penseli mezani. *Ti.* Walipata majibu bora kuliko darasa zima, na mwisho wa mwaka wa pili Hatibu aliwaambia kwamba vitu viwili vinavyopatana hivyo visitenganishwe bila sababu ya kitaalamu.

Walihitimu pamoja, wakaenda njia mbili. Yeye alibaki chuoni. Consolata alikwenda kufundisha kemia sekondari, hapa mjini, akalea watoto, akawa anamngoja likizo na blanketi lake la vioo. Na kila mwaka, alipopima, alikuja kuketi karibu na dirisha na chai yake.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua jicho limeanza kwenda ulipoanza kuvaa soksi moja ya bluu na moja nyeusi ukiingia kanisani."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungeanza kwa kupima macho yangu." Kisha akaacha utani. "Baba Allen, sikukusudia. Mwanzoni nilikuwa nakunywa chai tu. Nikaona nikitua kikombe, unafunga. Nikajaribu kuchelewesha, nawe ukachelewa. Nikasema, kumbe bado tuko meza moja, nikawa nakitua bluu ikiingia. Nikaona nikisema, utaacha kupima. Na ukiacha kupima utakaa unafanya nini? Utanipangia vyombo jikoni."

Kornelia alicheka, akajizuia, akacheka tena.

Profesa alikunywa chai yake iliyokwisha poa. Alitafuta ndani yake kama ameumia, akakuta ameumia kidogo, mahali padogo. Alikuwa amedhani anafanya kazi ile peke yake. Lakini tarakimu zilikuwa zimesimama, na zilisimama kwa sababu kulikuwa na macho. Yalikuwa macho yaleyale ya kwenye maabara ya Hatibu.

"Kornelia," alisema, "kwenye makala tutaeleza rangi ilisomwaje. Na jina litakuwa lake pia, kabla ya langu."

"Mimi sikuomba jina," alisema Mama Allen. "Niliomba chumba."

"Utapata vyote."

"Prof," Kornelia aliingilia, kwa ile sauti ya zamani ambayo kwayo aliwahi kulipinga darasa, "kwanza hatujui. Mara moja si kipimo. Labda Mama aliona bureti, labda ni bahati. Inabidi apime peke yake, na mimi peke yangu, bila wewe kuwapo, chupa nyingi, karatasi kifudifudi. Tukipatana, miaka inabaki. Tusipopatana, naikata, hata ukinuna."

Profesa alimtazama. Ukungu wa manjano ulikuwa kati yao, lakini uso wake aliuona vizuri.

"Hata nikinuna," alikubali. "Haya, jaza bureti."

"Mwanga umekwisha, Prof."

Alitazama dirishani. Kwaraa ilikuwa imekuwa kivuli. Kornelia alinyoosha mkono kwenye swichi, kisha akaurudisha bila kuambiwa.

Mama Allen alikusanya vikombe, akaacha kimoja, kile chenye mkono uliopasuka, juu ya kisahani chake karibu na dirisha. Profesa alipanga chupa safi juu ya meza, akapima maji ya Singe ndani ya kila moja ili yawe tayari, bila kutia dawa ya rangi. Akakata vipande vya karatasi, akafunika navyo midomo ya bureti vumbi lisiingie.

"Jua linafika hapa saa ngapi asubuhi?" aliuliza Kornelia.

"Asubuhi linapiga moja kwa moja, halifai," alijibu Mama Allen akiwa mlangoni. "Tutaanza mchana ukigeuka. Asubuhi namshika huyu mkono, nampeleka kwa daktari wa macho."

"Asubuhi nilitaka nioshe hizi pipeti za kupimia maji," alisema Profesa.

"Zioshe ukirudi."